Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kiwewe na afya ya akili ya polisi nchini Kenya

Ukurasa huu ni wa askari polisi wa Kenya, wafanyakazi raia wa vituoni, wake na waume zao, na wakubwa ambao kila Jumatatu hupokea orodha ya wagonjwa na watoro bila kujua ni nani mgonjwa na ni nani mtoro. Mimi ni mshauri nasaha. Nimekulia laini ya polisi, katika nyumba iliyogawanywa kwa shuka, familia nyingine ikikohoa upande wa pili, na baba yangu alikuwa koplo mwenye maneno machache sana. Maswali haya huulizwa kwa sauti ya chini, mengine kupitia simu ya mke. Nimeyaacha karibu na jinsi yalivyoulizwa.

Daktari huona maiti, dereva wa ambulensi huona damu. Mbona polisi ndio walalamishi?

Laiti wangelalamika. Hesabu siku moja ya konstebo wa kituo kilicho kando ya barabara kuu. Alfajiri matatu imegongana na lori, na simu inaita ndani ya mfuko wa marehemu. Kwenye kioo pameandikwa "Mama". Saa tano analetewa mtoto aliyenajisiwa na jamaa yake. Jioni anakimbilia mahali umati unamchoma mtu anayedaiwa kuiba, na anafika amechelewa dakika kumi. Kila tukio linaingia kwenye OB, daftari la matukio la kituo, kwa mistari minne au mitano, linapewa nambari, zamu inaendelea. Daktari naye huona mengi, ila akitoka getini harushiwi mawe.

Halafu kuna yale ambayo kila askari anayajua kwa jina la mahali tu. Baragoi, Novemba 2012: zaidi ya askari 40 waliuawa katika bonde la Suguta walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Westgate, 2013, duka kubwa la Nairobi lililovamiwa na magaidi. Kapedo, 2014, askari walioviziwa na kuuawa. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, magaidi waliua watu 148, wengi wao wanafunzi. Kuna mtu aliyeingia katika yale mabweni na kalamu mkononi kuhesabu.

Juu ya hayo weka uhamisho wa ghafla, mtoto anayebadilisha shule katikati ya muhula, mkopo wa sacco na nyumba ya mabati. Kamati iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, iliyokabidhi ripoti yake kwa Rais Novemba 2023, ilizungumzia mishahara, makazi na afya ya akili ya polisi na askari magereza kwa pamoja, na nadhani ilifanya vyema kutoyatenganisha. Mtu asiye na mlango wa kufunga hana mahali pa kulilia.

Kiwewe ni nini hasa? Mimi nimechoka tu.

Huenda kweli umechoka tu. Uchovu huisha ukilala na ukipewa likizo. Kiwewe ni jeraha linalobaki akilini baada ya tukio la kutisha, na hukataa kuwa jambo la jana. Tukio lilikuwa mwaka jana, lakini mwili unaliishi leo: harufu ya nyama choma inakurudisha kwenye ule moto, mlio wa pikipiki unakutupa chini ya meza.

Siku chache za kwanza baada ya tukio baya, karibu kila mtu hutetemeka, hukosa usingizi, huona picha. Huo si ugonjwa. Hali hiyo ikipita mwezi mmoja na ikivuruga kazi au nyumba, madaktari huanza kuzungumza juu ya ugonjwa wa mfadhaiko wa baada ya kiwewe, ambao wengi kambini wanaujua kwa herufi PTSD. Jina hilo liliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, lakini wazee wetu walikuwa na maneno yao zamani: "amerudi, ila hajafika."

Si kila askari anayeumia anapata PTSD. Wengi wanaofika kwangu wana sonona, wasiwasi usioisha, au ulevi uliopanda polepole mpaka ukashika usukani.

Mume wangu ni askari na habadiliki usoni. Nitajuaje?

Usitafute machozi. Tazama anapoketi: je, siku hizi lazima mgongo wake uwe ukutani na macho mlangoni, hata kanisani? Je, amehamia kulala kwenye kochi kwa sababu anakurusha mateke usingizini? Ameacha kumbeba mtoto? (Hili wake huniambia mara nyingi kuliko mnavyodhani. Aliyeokota mwili wa mtoto wakati mwingine hawezi kumshika wa kwake.) Anazunguka barabara ndefu ili asipite mahali fulani? Anacheka kwenye matanga na kukasirika kwa sababu ya chumvi?

Wengine hawakasiriki, wanazimika. Anarudi, anakula, anaangalia mpira, na ukimuuliza nani amefunga hajui. Hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, maana kituoni wanasifiwa kwa utulivu.

Mimi ni karani, sijawahi kushika bunduki. Hili linanihusu?

Linakuhusu. Mpiga picha wa matukio ya uhalifu hutazama kwa makini kile ambacho wengine huruhusiwa kugeuzia uso. Mpelelezi wa kesi za watoto hulazimika kutazama video hadi mwisho ili aandike ushahidi. Anayepokea simu za 999 husikia mtu akifa na hajui kamwe ilikuwaje baadaye. Karani anayechapa taarifa za mashahidi huzisoma mara tatu. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, waliochimba, waliopima na waliosimama mochari hawakumkimbiza mtu yeyote na hawakufyatua risasi. Mwongozo uleule wa Marekani sasa unataja wazi kwamba kukutana mara kwa mara na vitu vya kutisha kwa sababu ya kazi kunatosha kumuumiza mtu.

Kosa la vituo vyetu ni kwamba baada ya tukio wakubwa huwauliza walioshika silaha kama wako salama. Dereva wa gari lililobeba miili anaambiwa alioshe.

Nikisema ukweli, nitanyang'anywa bunduki?

Hili ndilo swali lililo chini ya maswali yote mengine, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Huenda ikawekwa kando kwa muda, ndiyo. Nikikuambia vinginevyo nitakuwa nakudanganya, na ukigundua hutarudi. Najua pia bunduki ni nini kambini. Asiyesaini daftari la silaha asubuhi huonekana. Anawekwa getini au kwenye faili, wenzake wanaanza kumwita "mgonjwa", na ile posho ya operesheni iliyokuwa ikilipa karo inapotea. Kwa hiyo askari anahesabu: nikinyamaza nina kazi na jinamizi; nikisema nina jinamizi bila kazi. Anachagua kunyamaza, na kwa hesabu aliyopewa si mjinga.

Tunachopaswa kubadilisha ni hiyo hesabu. Askari aliyevunjika mguu hapewi doria ya miguu. Anapewa kazi nyepesi, cheti cha daktari chenye tarehe ya kurudi kuangaliwa, na hakuna anayemcheka. Fanya vivyo hivyo hapa. Kinacholeta aibu mara nyingi ni namna jambo linavyofanywa: amri inatolewa mbele ya paredi, sababu inavuja kupitia karani, na hakuna siku inayotajwa ya kurudishiwa. Nimeona mtu aliyekaa miezi kumi na minne bila silaha kwa sababu tu mkubwa aliyetoa amri alihamishwa na aliyekuja hakutaka kuweka sahihi yake. Alikuwa amepona mwezi wa tatu.

Basi ukija kwa mshauri au daktari, omba mambo mawili yaandikwe: kazi unazoweza kufanya sasa, na tarehe ya kupimwa tena. Na ujue mgawanyo wa kazi. Mtaalamu hutoa ushauri kuhusu afya yako. Anayeamua kuhusu silaha ni mkubwa wako. Ukiwa wa kwanza kuzungumza na mkubwa huyo, mara nyingi utapata muda mfupi na heshima zaidi kuliko akisikia kutoka kwa jirani aliyesikia kelele usiku.

Upande wa pili wa mizani upo pia, na tunaujua kwa majina ya mitaa. Desemba 2021 huko Kangemi, Nairobi, askari mmoja alimuua mkewe, akaua watu wengine mtaani, kisha akajiua. Sitadai kujua kilichokuwa moyoni mwake. Ila kila tukio la namna hiyo likitokea, wenzake husema kwenye mazishi, "Tuliona amebadilika." Waliona, na hawakuwa na mlango wa kumpeleka ambao haukuwa pia mlango wa kumpokonya kazi.

Je, mshauri atampelekea OCS, mkuu wa kituo, maneno yangu?

Hapaswi. Sheria ya Afya ya Akili ilivyorekebishwa mwaka 2022 inalinda siri ya anayetibiwa, pamoja na haki yake ya kukubali au kukataa tiba. Mipaka ipo: ukiwa hatarini kujidhuru au kumdhuru mtu, au mahakama ikiamuru. Mshauri mzuri hukuambia mipaka hiyo dakika ya kwanza, kabla hujafungua kinywa. Asipokuambia, muulize. Akikasirika kwa kuulizwa, tafuta mwingine.

Tume ya Huduma ya Polisi ina wataalamu wake wa ushauri nasaha, na makasisi na maimamu wa polisi wapo. Wengine hupenda kwenda nje kabisa, hospitali ya kaunti nyingine, wakiwa wamevaa kiraia. Hilo pia ni sawa. Lililo muhimu ni kufika.

Kituo changu kimepoteza askari jana usiku. Mimi ni OCS. Nifanye nini?

Kwanza usiwakusanye wote ukumbini na kuwalazimisha kusimulia walichoona. Mtindo huo ulipendwa sana zamani. Uchunguzi umeonyesha hausaidii kuzuia PTSD na kuna wanaozidi kuumia, na Shirika la Afya Duniani halishauri utumike. Mtu apewe nafasi ya kusema, asivutwe ulimi.

Linalosaidia ni la kawaida kiasi kwamba wakubwa huona haya kuliandika kwenye ripoti. Waliokuwepo wapate chai ya moto, nguo kavu na simu yenye salio wawapigie watu wao kabla habari haijafika mitandaoni. Waambie ukweli kuhusu waliojeruhiwa, hata kama ni "bado hatujui". Usiwatume walewale kulinda mochari. Nenda mwenyewe kwa familia ya marehemu, na umchukue rafiki yake wa karibu kama anataka, si kama unataka. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo Shirika la Afya Duniani lilitolea mwongozo mwaka 2011, inafundishwa kwa vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Mwalimu, mpishi au sajini anaweza kuijifunza kwa siku moja au mbili.

Halafu panga zamu upya. Mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya mambo kama aliyekunywa pombe kiasi cha nchi nyingi kumkataza kuendesha gari. Wewe unamkabidhi bunduki na kizuizi cha barabarani. Kama huna watu wa kutosha, najua huna, basi angalau usimrundikie usiku mfululizo yuleyule asiyejua kukataa.

Andika majina ya waliokuwepo, wakiwemo dereva na karani. Baada ya wiki moja waulize mmoja mmoja wanalalaje. Baada ya mwezi waulize tena. Huo mwezi ndio wakubwa wengi husahau, maana maua yamekauka na kumekuja jambo jingine. Na ukiwa unauliza, usiulize "Uko sawa?" Katika nidhamu ya polisi jibu la swali hilo ni moja tu: "Niko sawa, afande." Uliza, "Jana ulilala saa ngapi, ukaamka mara ngapi?" Hapo utapata nambari, na nambari askari hutoa.

Na wewe mwenyewe? Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilimpa OCS uwezo wa kumchukua mwananchi aliyechanganyikiwa na kumfikisha hospitalini. Hakuna kifungu cha anayemchukua OCS. Tafuta mwenzako wa cheo chako, wa kituo kingine, mpigiane simu.

Pombe inanisaidia kulala. Kuna ubaya gani?

Inakusaidia kuzimika. Usingizi wenyewe inauvunja vipande saa za alfajiri, na ndoto zinarudi kwa nguvu. Miraa na muguka ni kinyume chake na hufika palepale: zinakuweka macho zamu ya usiku, kisha unahitaji pombe ya kuzishusha. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani bila daktari navyo vina hatari. Vile vya jamii ya diazepam, ambavyo wengi huvijua kwa jina Valium, hushauriwa visitumike kutibu kiwewe mwezi wa kwanza, na mwili huvizoea haraka. Kama umekuwa ukinywa kila siku kwa muda mrefu, usiache ghafla peke yako. Kutetemeka na kifafa cha kuacha pombe huua. Mwambie daktari kiasi halisi, si kile unachomwambia mke.

Tiba yenyewe ni nini? Nitalala kwenye kochi nizungumzie utoto?

Hapana kochi. Tiba yenye ushahidi mzuri kwa PTSD ni mazungumzo yanayolenga kiwewe moja kwa moja: mara nyingi vikao nane hadi kumi na sita, saa moja au moja na nusu kila wiki. Unasaidiwa kusimulia tukio kwa mpangilio, kurudi polepole mahali unapopaogopa, na kuchunguza hukumu uliyojipa, kama vile "ningefika mapema asingekufa". Ipo pia ile inayotumia kusogeza macho huku ukikumbuka, EMDR, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Inaonekana kama mchezo lakini inafanya kazi kwa wengi. Dawa kama sertraline hutumiwa pia. Huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia, na si za kulewesha.

Wiki za mwanzo za mazungumzo zinaweza kuwa mbaya kuliko kabla. Wengi hukimbia kikao cha tatu. Nikijua unakuja kwa mara ya tatu huweka chai.

Tatizo la kweli nchini ni uhaba. Wataalamu wamekusanyika Nairobi na miji michache, na askari wa Mandera au Lamu hawezi kuomba ruhusa kila Jumatano. Kikao kwa simu ni halali na husaidia. Hospitali ya Mathari si ya "vichaa" peke yao; ina kliniki za watu wanaoingia na kutoka siku hiyohiyo, wengine wakiwa na tai shingoni.

Wazee nyumbani wanasema ni damu ya niliyemuua. Wanataka nitakaswe.

Jamii kadhaa za Kenya zilikuwa na zina desturi kwamba aliyemwaga damu, hata vitani, hukaa kando, huoshwa au huchinjiwa, ndipo arudi kula na wake na watoto. Mimi siicheki. Wazee walielewa jambo ambalo jeshi la kikoloni halikulielewa: mtu hawezi kutoka kuua na kuingia mezani bila daraja katikati. Kama desturi hiyo ni yako na unaiamini, nenda, na dada zako waje. Vilevile kama ni padri au sheikh. Ninapokataa ni pale unapoambiwa uache dawa, unapopigwa ili pepo atoke, au mganga anapotaja bei ya gari.

Je, kiwewe ndicho kinachofanya polisi wapige raia?

Swali hili huulizwa na waandishi wa habari, na siku hizi na askari wenyewe. Kinaeleza sehemu. Mtu asiyelala, ambaye mwili wake unaona hatari kila mahali, hufyatua upesi. Lakini nimeketi na askari wengi walioumia vibaya ambao hawajawahi kumzaba mtu kofi, na kuna wapigaji wanaolala usingizi mtamu. Amri mbovu, mazoea na kujua hutashtakiwa vina sehemu kubwa. Anayechunguza hilo ni IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, na mahakama, na cheti cha mshauri hakipaswi kuwa kichaka cha kujifichia.

Lipo jeraha jingine ambalo halizungumzwi. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024 ya kupinga mswada wa fedha walinijia vijana waliokuwa upande wa ngao. Mmoja hakuogopa kitu; alichokuwa nacho ni aibu. Alikuwa na mdogo wake wa kike kwenye umati uleule. Hofu hutibika kwa kuzoea upya. Aibu ya kutenda au kushuhudia lisilo haki haitibiki kwa kuambiwa "ulikuwa unafuata amri". Hutibika, ikitibika, kwa kusema kilichofanyika bila kukipunguza, na mara nyingine kwa kuandika taarifa ambayo mtu alikuwa anaogopa kuiandika. Hapo kazi yangu ni kukaa naye, si kumchagulia.

Waliotumwa Haiti wanaporudi, familia zitarajie nini?

Kundi la kwanza la polisi wa Kenya waliotumwa kupambana na magenge lilitua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, Juni 2024, na Februari 2025 askari mmoja wa Kenya aliuawa huko. Wiki za kwanza za kurudi huwa sherehe. Shida huanza mbuzi akishaliwa. Mke amezoea kuamua mwenyewe, watoto wamekua, na aliyerudi anaona mambo ya nyumbani ni madogo mno. Pesa nazo huleta ndugu. Msimlazimishe kusimulia, na msimfiche matatizo ya nyumbani yote ili "apumzike"; mpeni kazi ndogo ya kweli, kama kupeleka mtoto shule. Zikipita wiki nne hadi sita na bado halali, ni wakati wa daktari. Haya yanawahusu pia wanaorudi kutoka operesheni za hapa nchini, kama msitu wa Boni au Bonde la Kerio, ambao hakuna anayewapokea kwa ngoma.

Mwenzangu amesema afadhali afe. Ni mzaha?

Chukulia si mzaha. Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandishii mtu wazo, humpa nafasi ya kulitua. Usimwache peke yake usiku huo. Silaha irudi stoo, kama mko nyumbani na ipo huko iondolewe, bila mabishano na bila watu wengi kuona. Mwambieni mkubwa mmoja mnayemwamini, mpelekeni hospitali iliyo karibu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina laini ya bure ya ushauri, 1199.

Askari huuliza pia kama atashtakiwa, maana wao wenyewe wamewahi kuandika shtaka hilo. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, ni kinyume cha Katiba. Kwa hiyo aliyenusurika mpeleke wodini. Seli si mahali pake.

Nikiomba uhamisho, si nitapona?

Wakati mwingine kuondoka kwenye hatari husaidia. Lakini ndoto husafiri nawe, na kituo kipya hakina yule rafiki aliyekuwa akikuletea chai. Anza tiba kwanza, kisha uombe.

Nimestaafu miaka kumi. Mbona ndoto zimeanza sasa?

Ni kawaida kuliko unavyodhani. Kazi ilikuwa kifuniko: zamu, paredi, kelele za kambi. Sasa kuna kimya, shamba na usiku mrefu, na sufuria inaanza kuchemka. Kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya kaunti yako inakupokea kama mwananchi mwingine yeyote. Huhitaji barua ya kituo chako cha zamani. Waambie watu wa nyumbani ni nini, ili wasidhani unazeeka vibaya.

Baba yangu alianza kusimulia akiwa na miaka 67, tukipukuchua mahindi nyuma ya nyumba. Ilikuwa habari ya mvulana aliyemkuta kando ya reli kabla mimi sijazaliwa. Alikumbuka rangi ya viatu vyake. Sikumkatiza, mikono yetu iliendelea, na alipomaliza akauliza kama maji ya ugali yameshachemka.